Seli Zilizonyimwa Kufa

Nkwimba Masalu alidondosha zebaki kwenye damu ya dada yake kwa mara ya tatu asubuhi ile, akaegemeza jicho kwenye darubini, akasubiri kifo ambacho alijua hakitakuja.

Upande wa kushoto wa kioo aliweka damu yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kuchanjwa. Huko mambo yalikwenda kama yanavyokwenda tangu dunia iumbwe. Zebaki iliingia kwenye seli nyeupe, ikanyakua salfa yote ambayo seli hujiwekea kwa ajili ya kujilinda, kisha ikazivamia mitokondria, zile tanuri ndogo zinazoipa seli nguvu. Tanuri zikatoboka. Protini iliyotakiwa kukaa ndani ikavuja, na uvujaji huo ukaviamsha vimeng'enya vya kukatakata vinavyoitwa kaspesi. Seli haikulipuka wala haikuwamwagia majirani uchafu. Ilisinyaa, ikajigawa vifurushi vidogo vidogo, na seli za jirani zikaja kuvimeza kimyakimya. Nkwimba alishaliona jambo hilo maelfu ya mara na bado lilimtia heshima, kama adabu ya mgeni anayekunja mkeka aliolalia kabla ya kuaga.

Upande wa kulia ilikuwa damu ya Holo, dada yake. Seli zake zilimeza zebaki ileile zikaendelea kutembea kana kwamba zimepewa uji. Rangi ya kutambulisha zebaki ilikuwa imezikoleza buluu hadi kwenye kiini, na zilikuwa nyingi mno, zimebanana mpaka seli nyekundu zilikosa pa kupita.

"Tisini na moja kwa mia hazifi," alisema Nkwimba.

Kwenye kioo cha simu ya video ukutani, Dk. Mwombeki alivua miwani akaifuta kwa tai. Alikuwa makao makuu ya Taasisi ya Damu Mpya, mwendo wa siku nzima kutoka machimbo ya Nyabusalu, na kila alipopewa habari mbaya aliifuta miwani hiyo hata kama ilikuwa safi.

"Anayemfuatia ana ngapi?"

"Arobaini na nne. Wengi hawafiki thelathini."

"Basi aliyevuka kikomo cha sitini ni yeye peke yake."

"Ni yeye peke yake, daktari. Ndiye anayeshika zebaki kuliko wote, na ndiye aliyeanza kuchanjwa."

Hakuongeza ni nani aliyemwanzisha. Mwombeki alijua, na Nkwimba mwenyewe alikuwa hapati usingizi kwa sababu hiyo.

Miaka kumi na moja nyuma, wanawake wa Nyabusalu waliochenjua dhahabu kwa zebaki walikuwa wanazikwa kwa magonjwa ya kitoto: mafua, kuhara, kidonda cha kidole. Zebaki iliwaua askari wa mwili, na mwili usio na askari huingiliwa na kila mpita njia. Taasisi ikaja na jibu. Ilichukua seli nyeupe ikazikata ile njia ya kufa, ikaziita seli kesha, ikazitia kwenye sindano. Wanawake walizigomea kwa miezi mitano. Ndipo Nkwimba, ametoka chuoni juzi na koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, akamwendea dada yake mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa mwalo, yaani pale sehemu ya kuoshea dhahabu. Holo akakunja mkono wa gauni bila kuuliza mara mbili. Siku ya pili foleni ilifika barabarani.

Kwa miaka minane hakulazwa mtu. Mashangilio yalikuwa makubwa, marufuku ya zebaki ikafutwa, na watu wakaichomea jikoni huku sufuria ya mboga iko pembeni. Mwaka wa tisa ndipo uboho wa mifupa ukaanza kujaa. Seli isiyokufa huzaa isiyokufa, na hakuna mwili uliojengwa kuwa na vyumba vya kutosha kwa wote. Tangu Pasaka walikuwa wameshazika wanawake watatu kwa saratani ya damu, na vipimo vya wengine wote vilionyesha njia ileile.

Dawa ilipatikana. Waliiita ruhusa, kwa kuwa iliiunga upya ile njia iliyokatwa na kuziruhusu seli kufa. Kikombe kimoja, siku tatu, seli kesha zote zinakwisha na mwili unaanza kutengeneza za kwake. Ubaya ni kwamba seli ikifa huachia ilichobeba.

"Akinywa, daktari?"

"Zebaki ya miaka kumi na moja itamwagika kwa mkupuo mmoja. Figo hazitaiwahi. Itapanda kwenye ubongo." Mwombeki alirudisha miwani. "Tukimpa matone, kidogo kidogo kwa miaka miwili, huyo tunaweza kumwokoa. Kikombe asiguse."

"Asipokunywa yeye hatakunywa mtu."

"Waelezwe."

Nkwimba alicheka, kicheko kibaya. "Niwaelezeje? Kwamba hii dawa ni salama kwenu nyote, ila mkubwa wenu akiigusa anakufa? Wewe ungekunywa?"

Mwombeki alivua tena miwani akaifuta. Kisha alisema kwamba Nkwimba ndiye anayewafahamu watu wale, na kwamba yeye angeheshimu uamuzi wowote utakaochukuliwa huko. Ndivyo wakubwa wanavyosema wanapotaka jambo lifanyike bila wao kulisikia.

*

Holo alikuwa amechuchumaa mwaloni, anakamua donge la dhahabu na zebaki kwa kitambaa. Mikono yake haikuwa na glavu. Nyuma yake karasha zilisaga mawe kwa umeme wa jua, na mikokoteni isiyo na dereva ilipanda na kushuka ikipiga honi kwa mbuzi wasioielewa. Kila kitu Nyabusalu kilikuwa kimebadilika isipokuwa kitambaa kile na namna ya kukikamua.

"Mwangaluka, dada," Nkwimba alimsalimia.

"Mwangaluka. Kaa hapo, usikanyage mchanga wangu." Holo hakuinua kichwa. "Umekuja kuniona au umekuja kunitoa damu? Maana siku hizi ukija na mikono mitupu naogopa."

"Nimekuja kuongea ya Jumanne."

"Ya Jumanne yameshapangwa. Tutakunywa kimwalo. Hiyo dawa yako utaitia kwenye togwa, vikombe vya bati, kila mtu na chake. Mimi nafungua, wenzangu wanafuata. Na mialo minne ya ng'ambo inaleta wajumbe waje kutazama. Nikinywa mimi, wale nao watakunywa ya kliniki za kwao."

"Ni watu wangapi, hao wa ng'ambo?"

"Elfu tatu na ushee. Mbona umekunja uso?"

Nkwimba aliikumbuka desturi ya kufungua mwalo. Alipokuwa mtoto aliitazama kila mwanzo wa msimu: wanawake wamepanga mstari, togwa kwenye bati, mkubwa wao anapiga funda la kwanza kwenye kikombe cha kwanza. Hapo watoto hufukuzwa wakaokote kuni, wakirudi wanakuta kazi imeanza. Kikombe cha kwanza ni cha mkubwa. Aliligeuza jambo hilo kichwani, akaona mlango: kikombe hicho kingeweza kuwa na togwa tupu.

Angeweza kumwambia Holo ukweli na kumwomba aigize. Alilifikiria hilo kwa muda wa pumzi mbili. Holo alikuwa na ugonjwa wa kusema kweli. Aliwahi kumwambia bwana harusi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba bibi harusi anamtaka mdogo wa huyo bwana harusi. Mtu wa namna hiyo humpi kikombe cha uongo ukamwambia akinywe mbele ya watu mia mbili na kumi na tatu.

"Dada, hivi ukiambiwa..." alianza.

"Niambiwe nini?"

Nkwimba alimtazama. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, Holo kumi na saba. Holo alimbeba mgongoni akifanya kazi hiihii, na watu wasiowajua walidhani ni mtoto wake. Hakuwahi kuolewa baada ya hapo. Alisema hakupata nafasi.

"Basi. Nitaleta vikombe mwenyewe."

"Ndiyo uvilete. Na uvae viatu vya maana, wageni watakuwepo."

*

Jumanne ilianza na mawingu. Wanawake mia mbili na kumi na tatu walikaa kwa mistari juu ya turubai, na Holo akakaa mbele yao kwenye kigoda. Wajumbe wa mialo ya ng'ambo walipewa benchi pembeni, nao walikaa wima bila kuegemea, macho yao kwenye koo la Holo. Walikuwa wametumwa kutazama kitu kimoja tu.

Nkwimba alikuwa ameipima ruhusa tangu alfajiri. Dozi zilikuwa mia mbili na kumi na tatu kamili, kwa sababu mtungi wa kuivishia dawa wa kliniki yake huchukua siku tatu kutoa mzunguko mmoja. Kikombe cha mia mbili na kumi na nne kilikuwa na togwa tupu. Hicho alikibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya dada yake, akarudi nyuma hatua tatu. Alijiambia kwamba akishamaliza leo, angemweleza Holo kila kitu, atukanwe, apigwe hata makofi, na kesho waanze matone.

Holo alisimama. Alisema maneno machache ya kuwakumbuka wale watatu waliozikwa. Akainua kikombe akapiga funda moja.

Kisha akakishusha, akageuka kuume kwake, akamwita, "Minza."

Minza alikuwa mdogo kuliko wote pale mwaloni, binti wa miaka kumi na tisa, na mtoto wa kunyonya mgongoni. Alisogea kwa magoti. Holo akampa kile kikombe alichokionja, naye Minza akampokeza Holo chake kwa mikono miwili.

Nkwimba hakuelewa mara moja. Alipoelewa, kikombe cha Minza kilishafika mkononi mwa Holo.

Hii ndiyo sehemu ambayo watoto hawakuiona. Zamani, machimbo yalipokuwa ya kugombaniana na watu kuwekeana sumu, wanawake wa mwalo walijiwekea ulinzi wao: mkubwa anaonja kikombe alicholetewa, anampa mdogo kuliko wote, kisha mkubwa anachukua cha yule mdogo, anakimaliza mbele ya wote na kukipindua chini. Mpaka kikombe kipinduliwe, hakuna mwingine anayeinua chake. Mtu akitaka kumtegea mkubwa kikombe maalumu, hawezi. Desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama Nkwimba, na alikuwa amesoma miaka saba mbali na nyumbani bila kuijua.

Alifungua mdomo.

Holo alipiga funda la kwanza la kikombe cha Minza. Akasita. Ruhusa ni chungu, hata ndani ya togwa uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi, na kile cha kwanza kilikuwa kitamu. Aliishikilia togwa kinywani, akayainua macho taratibu mpaka yakakutana na ya mdogo wake.

Neno moja lingetosha. Dada, usinywe. Wajumbe wangeinuka kwenye benchi, wanawake wangemwaga vikombe mchangani, na kabla ya jua kuzama mialo yote mitano ingekuwa inasema kwamba Nkwimba Masalu alileta sumu na kumwepusha ndugu yake. Hakuna mtu ambaye angekunywa tena chochote kutoka kliniki. Uboho wao ungeendelea kujaa, mmoja mmoja, Minza naye, na yule mtoto angekua bila mama kama alivyokua yeye.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nkwimba alifunga mdomo. Hilo atalijibu siku zote za maisha yake, na hakuna hata siku moja atakayosema kwamba hakujua alichofanya.

Holo aliendelea kumtazama kwa kitambo kidogo. Kisha akameza, akainua kikombe, akanywa mpaka mwisho, koo likipanda na kushuka mbele ya watu wote. Akakipindua. Tone moja lilianguka mchangani.

Vikombe mia mbili na kumi na tatu vikainuka kwa pamoja.

*

"Mpe Minza dawa yake," alisema Holo mchana ule. "Alichokunywa ni togwa tupu."

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kliniki, dripu ya kunasa zebaki imechomekwa mkononi. Nkwimba alikuwa ameongeza kasi ya dripu mpaka mwisho, akijua kwamba anachota bahari kwa kijiko. Mlango ulifungwa. Watu waliambiwa kwamba mkubwa anapumzika.

"Ulijua," alisema Nkwimba.

"Nilijua nilipoonja cha pili. Wewe hukunidanganya hata kwa pipi, halafu leo uniwekee kikombe changu peke yangu? Nikasema, basi hiki kichungu kina kitu cha kunidhuru mimi."

"Kwa nini hukutema?" Nkwimba alishika ukingo wa kitanda. "Ungetema, dada. Ungejifanya umepaliwa. Ungefanya lolote."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Nkwimba alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka uso kwenye shuka, akalia kwa sauti kama hajawahi kusoma hata darasa moja. Holo alimwacha alie. Mkono wake usio na sindano ulikuja ukakaa juu ya kichwa cha mdogo wake, mzito, unanuka moshi na chuma.

"Basi tumefanya wote," alisema Holo baadaye. "Mzigo usiubebe peke yako, na mimi usinifanye malaika. Niliogopa. Mpaka sasa naogopa." Aliutazama mkono wenye dripu. "Kwenye ile sindano niliwavuta mimi. Nilikunja mkono wakanifuata. Sasa ningewaachaje njiani?"

"Sindano ilikuwa yangu."

"Mkono ulikuwa wangu. Nisikilize. Wa ng'ambo wanakunywa lini?"

"Ijumaa."

"Mpaka Ijumaa ipite, mtu asinione nikitetemeka. Ikishapita, waite wote uwaambie yote, na la kikombe, na la kunyamaza. Wakikupiga, wakupige. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

Kesho yake mikono ya Holo ilianza kucheza. Kwenye darubini, seli kesha zilikuwa zinakufa vizuri, kifo cha adabu, zinasinyaa, zinajigawa vifurushi, hakuna hata moja iliyokosea. Zilikuwa zimesubiri miaka kumi na moja. Lakini kila kifurushi kilikuwa kimebeba buluu ndani yake, na ile buluu haikuwa na pa kwenda. Nkwimba aliandika namba kwenye kioo, akamtumia Mwombeki. Jibu lilirudi baada ya muda mrefu, likiwa na neno pole tu.

*

Minza aliitwa kliniki Ijumaa asubuhi, mtungi ulipoivisha dozi yake. Alikaa ukingoni mwa kiti na mtoto mapajani. Hakuwa mjinga.

"Nilishakunywa Jumanne," alisema.

"Kile kikombe hakikuwa na dawa," Nkwimba alisema. "Ni kosa langu. Siyo lako wala la mwingine."

"Mbona wenzangu hawarudii?"

"Kilikosewa kimoja."

Binti alikitazama kikombe kilichokuwa mezani, hakukigusa. Kisha akageukia kitanda. Holo alikuwa ameomba akalishwe, ameegemea mito miwili, kichwa amekifunga kitenge kizuri. Khanga alikuwa amejitandia kifuani hadi miguuni, na mikono yote miwili ilikuwa chini yake, imekaliwa na mapaja ili itulie. Nkwimba ndiye aliyemsaidia kuikalia.

"Mama mkubwa," alisema Minza, "na wewe ulikunywa hii?"

"Hii hii," alisema Holo. Maneno yalimtoka polepole, anayachagua moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Chako. Si ulinipa mwenyewe?"

"Ikoje?"

"Chungu. Funga macho, ivute yote. Halafu umnyonyeshe mtoto kabla hajaanza kulia."

Minza alifunga macho akanywa. Alikunja uso, akakipindua kikombe juu ya meza kwa heshima, akacheka kwa sababu ilikuwa kliniki na hakukuwa na mtu wa kumtazama. Alimshukuru Holo kwa kupiga goti. Holo alitabasamu, na tabasamu lile lilidumu mpaka ndara za binti zilipoacha kusikika kwenye ukumbi.

Ndipo mikono ikachomoka. Ilitetemeka juu ya khanga mpaka kitanda kizima kikawa kinagonga ukuta. Nkwimba aliikimbilia akaishika yote miwili, akaibana kifuani kwake, na kwa muda mrefu walikaa hivyo. Nje, kutoka ng'ambo, ilisikika ngoma. Mialo minne ilikuwa inakunywa.

"Unasikia?" Nkwimba alimwambia. "Wanakunywa, dada. Wote."

Holo alimtazama. Uso wake ulikuwa mpole, wa adabu, uso ambao mtu huuvaa akiwa ugenini.

"Samahani, daktari," alisema. "Nina mdogo wangu anafanya kazi humu ndani. Anaitwa Nkwimba. Ni binti mzuri, mwembamba hivi. Kama hana kazi nyingi, niitie."

Nkwimba aliiachia mikono ile taratibu, akailaza juu ya mto.

"Namwita, mama. Sasa hivi."

Alitoka, akaufunga mlango. Ukumbini alivua koti jeupe akalitundika kwenye msumari, akajifuta uso kwa kiganja, kisha kwa kiganja kingine. Akarudi mlangoni, akagonga.

"Hodi."

"Karibu, nani?"

"Ni mimi, dada. Nimeambiwa unaniita."

"Ee, njoo," alisema Holo, akajisogeza ukutani ampe nafasi ya kukaa.